Nguo ya Kulalia Kibanjani

2 Machi

Nimefika nyumbani Buganguzi, na mvua imefika nami. Shangazi Magdalena, dada yake Tata, alinipigia simu wiki nzima: njoo umuuguze baba yako, kaka yako Nathanael ana duka lake la vifaa vya ujenzi pale Muleba, hawezi kuliacha. Mimi nina kibanda cha kushonea Bukoba na sare za shule ambazo wenyewe wanazidai, lakini hiyo inaonekana si kazi, ni mchezo wa kujifurahisha. Nimefunga kibanda, nimekuja.

Tata amepungua. Daktari anasema moyo umechoka, na vidonge alivyompa ni vya kupunguza uvimbe tu. Aliponiona alishika upindo wa gauni langu kabla hajanipa mkono, akaugeuza kuangalia mshono. "Umeshona kwa haraka," akasema. Nyegera kwako pia, Tata.

3 Machi

Mvua.

6 Machi

Mvua. Amekula ndizi kidogo na maziwa. Amelalamika kwamba chumvi imezidi, maana yake anaendelea vizuri.

8 Machi

Leo nataka kuandika vizuri.

Asubuhi mvua ilikatika, nikachukua jembe nikaenda kupalilia migomba ya nyuma ya jiko. Tata akataka atolewe nje anisimamie. Nikamweka kwenye kiti, nikamfunika blanketi. Mara jembe likanasa. Nikavuta, nikidhani ni mzizi, kumbe nguo. Ni blauzi ya Mawe, mama yangu. Mama alifariki nikiwa sijaolewa, na mwanangu leo yuko chuo. Blauzi ile ilichanika kwapani yeye mwenyewe akiwa hai, akaitupa kwenye shimo la taka, shimo likafukiwa na migomba ikapandwa juu yake. Nikaisuuza kwa maji ya mvua. Maua yakatokea. Manjano ni manjano, kijani ni kijani, na kifungo kimoja bado kipo.

Tata aliishika muda mrefu. Nilidhani anamlilia Mawe, kumbe anafikiri kama fundi. "Na lile gauni la pamba nililomshonea, tulilitupa shimo hilo hilo," akasema. "Chimba, mwana wange." Nikachimba. Udongo mweusi, minyoo, basi. Hakuna uzi wala pindo.

"Lile limekuwa ndizi, tumeshalila," akasema. "Hii itakuwa hapa mpaka Bwana arudi. Sasa mimi mtanivika ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

9 Machi, Jumapili

Hakulala vizuri, na sababu si moyo. Tangu asubuhi anazungumzia jambo lile lile.

Niliandike kwa utulivu, nisije nikalipunguza. Tata alianza kazi Bukoba mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Jayant, akiwa na cherehani ya kukanyaga. Baadaye akarudi huku na kushonea watu wa Muleba karibu wote. Alishona pamba wakati pamba ilikuwepo, na nailoni ilipokuja akashona nailoni, kwa sababu mteja ndiye aliyeleta kitambaa. Hilo hajutii. Lakini sisi tunazikwa nyumbani, kibanjani, katikati ya migomba tunayokula. Babu yake yuko pale karibu na mibuni. Alizikwa ndani ya lubugo, nguo ya gome la mti, na ukilima pale hukuti kitu, ila mikungu ya pale ni minene.

"Nitolee lubugo kwenye mutoma wetu," akasema. Mutoma ndio mti wa lubugo, na wetu umesimama pembeni mwa uwanja tangu nikiwa mtoto, kazi yake kivuli tu. "Na watu wasinunue sare kwa ajili yangu. Kila mtu ana sare za misiba na harusi za dunia nzima, hana hata pa kuziweka. Waje na walizo nazo."

Nikamwambia sawa, Tata, nitafanya. Nimeahidi kabla sijajua ninaahidi nini.

11 Machi

Nimemweleza shangazi. Alikuwa anamenya ebitoke, ndizi za kupika, kisu kikasimama hewani.

"Lubugo? Mtoto wa Bartholomayo, fundi suti wa Muleba nzima, amfunge baba yake gome la mti? Waseme tumeshindwa kununua nguo? Au waseme tumerudi kwenye mambo ya kipagani?"

"Ni yeye anayetaka, shangazi."

"Mgonjwa anataka mengi. Jana alitaka senene, na si msimu wake."

Nikamuuliza Mwinjilisti Mwijage alipokuja kusali na Tata. Akasema Biblia haijataja kitambaa, mradi mtu amevikwa kwa heshima. Nikafurahi kama mtoto. Shangazi akasema Mwijage ni kijana, hajazika watu wa kutosha.

14 Machi

Mvua. Nimeuliza kijiji kizima nani anajua kutengeneza lubugo. Wazee wanacheka, wanakumbuka mlio wa nyundo, hawakumbuki kazi. Mmoja ametaja mtu wa Rubafu anayeitwa Kahigi.

19 Machi

Nimetoka Rubafu. Huyu Kahigi nilimkuta ameshakunywa lubisi, pombe yake ya ndizi ya asubuhi. Anajisifu sana. Anasema amewavalisha wacheza ngoma wote wa Bukoba Vijijini. Nyundo zake za mti zenye mifereji kazitundika ukutani, na buibui wanaishi juu yake.

"Huo mti umewahi kutolewa gome?"

"Haujawahi."

"Basi la kwanza ni baya. La pili afadhali. La tatu ndiyo nguo."

"La pili linatoka lini?"

"Mwakani, mti ukishapona."

Nikamwambia mwakani hatuna. Akanitazama, mara ya kwanza bila majivuno, akasema atakuja kesho kutwa maana masika ndiyo wakati wake, gome linabanduka lenyewe mti ukiwa umekunywa maji.

21 Machi

Kahigi amekuja kweli. Alikata duara juu na chini, akapasua katikati, akaingiza kipande cha mgomba kilichochongwa na kusukuma taratibu. Gome likabanduka zima zima. Mti ukabaki mweupe na umelowa, kama mtu aliyevuliwa shati barabarani. Akaufunga kwa majani ya migomba ili usikauke, akasema utaota gome jipya.

Halafu akaanza kuligonga kwa nyundo zake ili lilainike, ndani ya banda la mbuzi kwa sababu ya mvua. Mlio ukafika mpaka chumbani kwa Tata. Nilipoingia nilimkuta amegeuzia sikio dirishani, anatabasamu. Alikula sahani nzima. Nimefurahi leo. Naandika hivyo ili nikumbuke kwamba kuna siku nilifurahi.

22 Machi

Limechanika mahali pengi. Mikono ya Kahigi haina nguvu tena, na gome la kwanza ni baya kama alivyosema. Nimekaa nalo mapajani nikiweka viraka kwa uzi wa pamba niliokuwa nao. Ni gumu mithili ya mkeka. Tata akalipapasa.

"Baya," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Hata suruali yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Linatosha."

Kahigi amesema limebakiza kitu kimoja, jua. Litandazwe chini, liwekewe mawe pembeni, jua la siku chache tu, lipate ile rangi yake ya kahawia na likauke mpaka ndani. Kisha akaenda zake.

23 Machi

Mvua.

24 Machi

Mvua.

26 Machi

Jua lilitoka nikiwa nachota maji kisimani. Nikakimbia. Nilipofika limeshajificha.

28 Machi

Mvua. Nimelitundika juu ya meko. Sasa linanuka moshi, na upande mmoja bado una unyevu.

30 Machi, Jumapili

Leo kikao cha familia, Nathanael amekuja na gari lake. Nilizungumza habari ya sare. Nilisimama kabisa, nikasema kila tukifiwa au tukiozesha tunanunua kitambaa kipya, tunakivaa siku moja, kinakwenda sandukuni, na hivi vya siku hizi hata ukivitia kwenye udongo haviozi. Nikawaonyesha blauzi ya Mawe. Ikapita mkono kwa mkono. Watu wakashangaa, wakaguna, wakasema kweli Anatolia ana hoja. Shangazi mwenyewe akasema, "Kweli tunazidi." Nathanael akasema, "Hakuna sare. Tumekubaliana."

Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na nikakosa wa kugombana naye.

3 Aprili

Ukungu. Lubugo limeota ukungu. Madoa ya kijivu na meusi, tangu pembe hadi katikati, na harufu ya shimo. Nimelisugua kwa majivu, nimelisugua kwa ndimu, madoa yamepauka na kesho yake yamerudi. Nimempigia Kahigi. Anasema hilo limekwenda, tupa, lakini shina la mutoma lina tawi nene juu, Pasaka ikipita na mvua ikipungua anaweza kutoa kipande kingine, na mara hii tutakianika kwake Rubafu ambako kuna upepo wa ziwa.

Sikumwambia Tata. Aliponiuliza nilisema linakauka.

7 Aprili

Mvua. Miguu imevimba zaidi.

10 Aprili

Mvua. "Linakauka?" "Linakauka, Tata."

16 Aprili

Nilikuwa ninamwogesha Tata niliposikia msumeno wa mashine. Nikadhani ni jirani anapasua mbao. Tata akasema, "Ni hapa kwetu," nikamwambia hapana. Halafu tukasikia ule mwanguko, na vikombe vikatikisika kabatini.

Nilitoka na sabuni mikononi. Mutoma umelala uwanjani, majani ya migomba ya Kahigi bado yamefungwa kiunoni mwake. Nathanael amesimama na mafundi wawili.

"Umefanya nini?"

"Dada, watu wa turubai walikuja kupima. Hema kubwa haliingii na mti huu hapa. Na magari je? Tusije tukaanza kuhangaika siku yenyewe."

"Siku ipi? Baba yako yuko hai, namwogesha!"

"Ndiyo maana nafanya sasa, mapema." Akasema bila ubaya wowote. Alidhani nitamshukuru. Akaongeza kwamba mti wenyewe ulishachunwa, alidhani umekufa.

Kwamba ulikuwa umefungwa majani ili upone, hilo angelijuaje? Sikumwambia. Nilimwambia shangazi, nilimwambia Mwijage, nilimwambia kila mtu hapa kijijini ila huyu mwenye msumeno, kwa kuwa sikutaka anizuie. Nimekaa kwenye gogo nimelia mbele ya mafundi. Mmoja akaniletea maji ya kunawa.

Nilirudi ndani. Tata alikuwa na povu kifuani vilevile nilivyomwacha, na maji yamepoa. "Mutoma?" akauliza. Nikasema ndiyo. Nikaendelea kumwogesha.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Leo mvua haikunyesha. Jua la kutwa nzima, sasa ndiyo limekuja.

20 Aprili, Pasaka

Tata ameniita, wala hakuuliza tena kama linakauka. Amesema asipopata lubugo, bafta tu inatosha, ile pamba nyeupe nyembamba. Suruali na shati. "Nishonee mwenyewe. Na usishone kwa haraka."

Nitakwenda Bukoba kesho kutwa, maduka yakifunguliwa.

22 Aprili

Bukoba. Nimeingia duka baada ya duka na kiberiti mkononi, kama Tata alivyonifundisha nikiwa msichana: chomoa uzi mmoja, uchome. Pamba inawaka kama karatasi na kubaki jivu. Polista inajikunja, inayeyuka, inabaki shanga nyeusi ngumu. Kutwa nzima nimetengeneza shanga. "Hii pamba tupu, mama," wananiambia, na uzi unayeyuka mbele ya macho yao. Mmoja akanifukuza, akidhani nataka kumchomea duka.

Nikaishia kwa Varsha, mke wa mjukuu wa mzee Jayant. Wahindi wenye maduka waliobaki pale mjini sasa ni wa kuhesabu, na yeye ndiye anayenikumbuka nikiwa naletewa peremende barazani.

"Fundi Bartholomayo anaendeleaje?" akauliza kwa Kihaya, halafu akaendelea kwa Kiswahili. "Bafta? Anatolia, mimi mwenyewe naagiza pamba, wananiletea hii. Imeandikwa pamba. Nifanye nini, nirudishe meli?" Nikachoma uzi wake. Shanga. Tukaitazama wote wawili juu ya kaunta.

Nikamweleza ni ya nini. Akapanda ngazi kwenda nyumbani kwake juu ya duka, akakaa sana. Aliporudi alikuwa na sari nyeupe, kuukuu, laini mno. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe wake, Kantaben. "Alikuwa anavaa pamba tu mpaka mwisho. Fundi ndiye aliyekuwa akimshonea blauzi zake." Tukachomoa uzi mmoja pindoni tukauchoma. Ukawaka, ukawa jivu, Varsha akalipuliza.

Nilimkumbatia. Hakutaka nilipe.

23 Aprili

Nimempa Tata aishike. Ameifinyafinya, ameinusa. "Mama Kantaben," akasema. "Alikuwa haridhiki na mkono wa blauzi hata siku moja." Amefurahi kuliko siku ya lubugo. Amesema niitandike kitandani kwanza, ngozi yake inauma na shuka hizi. Nitamshonea baadaye, akasema, hakuna haraka.

25 Aprili

Mvua ndogo. Analala vizuri juu ya sari.

27 Aprili, Jumapili

Shangazi aliuliza shuka hii imetoka wapi, ikambidi Tata aseme mwenyewe, maana yeye hajui kuficha. Nathanael alikuwepo. Ikawa vita, na ilipiganiwa juu ya kitanda cha mgonjwa.

"Sari!" shangazi akasema. "Nguo ya mwanamke, ya mtu mwingine, iliyovaliwa! Ndiyo unataka kumzikia kaka yangu? Anatolia, una nini wewe?"

"Ni pamba tu, shangazi. Nitakata suruali na shati, hakuna atakayejua."

"Mungu atajua. Na mimi nitajua."

Nathanael hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema, "Dada, Tata ameshona suti za maharusi wa hapa wote. Alishona suti yangu ya ubarikio mpaka usiku wa manane, nilimwona. Yeye hakuwahi kuvaa suti. Nilipopata mshahara wa kwanza nilitaka kumnunulia, akasema atavaa wapi. Nilipofungua duka, akasema atavaa wapi. Na sasa unataka nimvike mtumba wa Mhindi."

Nilikuwa nimemwona mwezi mzima kuwa mtu wa mahema na magari. Leo nimeona kwamba ana huzuni yake, na huzuni yake ina umbo la suti. Lakini hata kuliona hilo hakukunisaidia. Nikamjibu vibaya, nikamwambia anataka kumvika kwa ajili ya macho ya watu, yeye akasema mimi nataka kumfanyia majaribio. Tukapandisha sauti. Shangazi akalia.

Tata akainua mkono. "Nathanael, ninunulie suti."

"Tata!" nikasema.

"Anatolia, nyamaza."

Walipotoka nilibaki. Nikamwambia, ulisema mwenyewe, ulisema kibanjani, ulisema ndizi. Akasema, "Nilisema. Sasa nasema hivi. Nyinyi ndio mtabaki mkitazamana kila Krismasi. Mimi nitakuwa nimelala."

"Na hiyo nguo itabaki na wewe."

"Itabaki," akasema. "Nipe maji."

Nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na ni mtu nisiyeweza hata kumnunia kwa sababu lazima nimgeuze kila saa chache asipate vidonda. Nilikuwa tayari kupigana na ukoo wote kwa ajili yake. Sikujiandaa kupigana naye.

28 Aprili

Mvua. Sijaongea naye zaidi ya "fungua mdomo."

30 Aprili

Nimeongea naye.

4 Mei, Jumapili

Mwijage amemletea Meza ya Bwana. Tata akashika mkono wa kanzu yake, akaugeuza, akatikisa kichwa.

7 Mei

Hawezi kukaa.

9 Mei

Mvua.

12 Mei

Tata amefariki asubuhi, juu ya ile sari. Kuhusu kuilalia kama shuka hakuna aliyewahi kugombana nami, kwa hiyo alilala katika pamba mpaka mwisho wa pumzi. Nilikuwa nimemshika mguu. Sijui kwa nini mguu.

13 Mei

Watu wamejaa. Hema kubwa limeingia vizuri kabisa.

Saa nne asubuhi gari limeleta sare. Kitenge cha bluu kinachong'aa kwa wanawake, fulana zenye picha ya Tata kwa wanaume na vijana. Nilisimama nikiangalia mabunda yakishushwa. Siku moja haitoshi kuchapa fulana zote hizo. Nikamuuliza binti wa shangazi, akasema oda iliwekwa kabla ya Pasaka. Wakati ule sote tulikuwa tumeshakubaliana.

Shangazi akaniletea ya kwangu. Hakuweza kunitazama usoni. "Wengine walisema itaonekana hatukumpenda," akasema. "Mimi nilisema Anatolia atakasirika. Nilisema kabisa." Namwamini. Nadhani kila mmoja alisema hivyo, halafu kila mmoja akatoa mchango wake. Nimechoma uzi kwenye jiko la msiba, kwa mazoea tu. Shanga.

Nimeivaa. Ningefanyaje? Niwe mtoto pekee wa marehemu asiye na sare, watu waulize kama nimetengwa? Nilijitazama kwenye kioo cha Tata cha wateja. Imenikaa vibaya mabegani.

14 Mei

Tumemzika. Naandika haya wageni wa mbali wakiwa bado wanakula.

Asubuhi Nathanael aliniita chumbani. Tata alikuwa ameshaogeshwa, wamemvika suti. Nyeusi, mpya, yenye mng'ao, na bado ina lebo mkononi. Alikuwa ameinunua kwa kipimo cha Tata anayemkumbuka yeye, Tata mwenye mabega. Ilimmeza. Mikono ilifika kwenye ncha za vidole, kola ilisimama mbali na shingo, alionekana kama mtoto aliyevaa koti la kaka yake. Kijana aliyekuja na jeneza akasema si tatizo, wao huwa wanapasua koti nyuma, wanakunja na kubana kwa pini, mbele haionekani.

Nathanael alikuwa analia bila kujifuta. "Dada," akasema. "Nisaidie. Wewe ndiye fundi."

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na kila haki ya kusema hapana. Lakini nilimtazama Tata, aliyegeuza upindo wangu siku niliyofika na mkono wa kanzu ya Mwijage siku chache zilizopita, amelala ndani ya koti linalotaka kupasuliwa mgongoni na kubanwa pini. Nikawaambia wamvue koti na suruali, watoke.

Nilifumua bitana. Nikapunguza ubavu kushoto na kulia, nikapandisha mikono, nikavunja kola na kuirudisha upya. Kitambaa kile kinateleza, kinakimbia sindano. Uzi wa pamba niliutumia wote kwenye viraka vya lubugo, na nilipotuma mtu dukani alileta wa polista, ndio uliopo. Nikashona na huo, kwa mkono, mishono midogo, sikufanya haraka. Nje kwaya iliimba wimbo mmoja mara tatu ikisubiri. Nilipiga suruali pasi ya mkaa, nikatia mkunjo.

Nilijua ninachofanya. Mimi ndiye niliyeahidi, na mimi ndiye niliyekuwa nikihakikisha kwamba hakuna mshono utakaofumuka. Bila kazi yangu wangempasulia nguo mgongoni, na angalau pale udongo ungepata pa kuingilia.

Tulipomvika tena, koti lilimkaa. Mabega yalikaa, kola ilikaa. Nathanael akaniegemea akasema, "Sasa ni yeye." Ni kweli. Alikuwa amependeza sana, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Watu walipita kumuaga, na kila aliyepita alisema amependeza. Nikasema asante, asante, asante. Kisha tukamteremsha pale karibu na mibuni, ubavuni mwa babu yake, na Nathanael akatupa udongo wa kwanza.

Baada ya maziko Mwinjilisti Mwijage alinifuata jikoni. Akanipa pole, akazungukazunguka na maneno, halafu akasema anafunga ndoa Desemba, na ameona koti lile, na ameambiwa ni mkono wangu. Je, naweza kumshonea la namna ile?

Nikamwambia naweza, aniletee kitambaa cha pamba tupu.

"Sawa, dada," akasema, akatoa simu ili aandike. "Kinauzwa wapi?"

Nikamwambia sijui.